Ngeli za Kiti cha Mtoto: Uainishaji wa Awali Kutoka Chala

Tatizo linalochunguzwa hapa lina uzito wa kilo kati ya tatu na kumi na tatu, na mara nyingi limelala. Kaya yenye chombo cha usafiri zaidi ya kimoja inapopata mtoto mchanga, mtoto huyo akae wapi, ndani ya chombo kipi, na nani ahakikishe kwamba kiti chake hakijaondoka alfajiri na gari lililokwenda mnadani?

Ulaya walilijibu swali hili kwa mizani. Kanuni namba 44 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliwapanga watoto kwa makundi: kundi 0+ hadi kilo 13, kundi la kwanza kilo 9 hadi 18, la pili 15 hadi 25, la tatu 22 hadi 36. Mwaka 2013 ikaja Kanuni namba 129, ikaweka mizani chini na kushika rula. Sasa mtoto hupimwa urefu, na ni lazima asafiri akitazama nyuma ya gari mpaka apite miezi 15. Tangu Septemba 2024 maduka ya Umoja wa Ulaya hayaruhusiwi kuuza viti vya kanuni ile ya zamani. Wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, haikushtuka.

Hoja ya makala hii ni kwamba kilo na sentimeta, pamoja na usahihi wake wote, haziwezi kueleza anachokalia mtoto wa Ufipa. Kiti cha huku hakitoki kiwandani. Kinazaliwa, kinakua, kinatolewa mahari, na mwishowe kinaitwa bibi. Ndiyo maana tumeacha makundi ya Wazungu na kutumia ngeli, utaratibu ambao kila aliyepita darasa la tano ameshateseka nao vya kutosha.

Eneo la utafiti ni Chala, kando ya lami itokayo Sumbawanga kwenda Namanyere, juu ya uwanda wa Ufipa, ambako Juni upepo huingia ndani ya sweta bila kubisha hodi. Kitengo cha utafiti ni kaya, na hapa msomaji aonywe mapema. Kaya ya magari mawili inayotajwa kwenye maelekezo ya viti ni mume, mke na magari yaliyoegeshwa sambamba kama viatu mlangoni. Kaya yetu ya mfano, ambayo kwa sababu za kimaadili tutaiita Kaya A, ina Noah ya baba, inayobeba abiria wa Sumbawanga siku za kazi na ukoo siku ya Jumapili. Ina pikipiki ya kaka mdogo. Ina Canter ya baba mkubwa, inayoshuka Kirando na mahindi na kupanda na migebuka. Ina IST ya shangazi, muuguzi mjini, inayoonekana mwisho wa mwezi. Ina pawatila, baiskeli mbili ambazo kwa pamoja zina mnyororo mmoja, na mkokoteni wa ng'ombe ambao ni wa babu na hauazimwi. Vyombo vinane, mtoto mmoja. Kaya A haimo kwenye daftari lolote, ila simama barabarani uulize, watu watakuonyesha nyumba.

Mapitio ya maandiko

Ufipa haijawahi kukosa wanazuoni wa kuainisha. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyefanya utafiti huku miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1967 katika jarida la Man makala juu ya kichwa na kiuno katika fikra za Wafipa. Mwaka 1974 akatoa kitabu Man and Beast, kilichowapanga Wafipa pamoja na Wanuer wa Sudan Kusini ya leo na Walele wa Kongo, akiuliza kila jamii imembebesha mnyama gani maana yake. Wafipa wakapewa chatu. Ni kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo Willis aliposhuka kutoka kichwani alisimama kiunoni, akaliacha paja, kiungo ambacho kimesafirisha watoto wengi wa uwanda huu kuliko kampuni zote za mabasi zikijumlishwa. Pengo hilo tunaliziba.

Andiko la pili liko karibu zaidi. Ndani ya Noah na IST, kwenye kile kibao cha kukinga jua juu ya siti ya mbele, kuna karatasi iliyobandikwa, yenye mchoro wa kiti cha mtoto na alama ya kukataza, na chini yake mistari ya maelezo. Hilo ndilo chapisho kuu la fani yetu. Limesambazwa Rukwa kwa nakala nyingi, halilipiwi, halichakai, na limeandikwa Kijapani. Japani ilifanya kiti cha mtoto kuwa lazima kwa walio chini ya miaka sita kuanzia Aprili 2000. Gari likatumika huko, likauzwa, likapakiwa melini, likashushwa Dar es Salaam. Sheria haikupanda meli. Tuliyebaki naye ni yule mama wa ndani ya dashibodi anayezungumza kila gari linapowashwa, na wanaojua lugha yake wanasema hazungumzii watoto kamwe, anadai kadi ya tozo ya barabara.

Kwa upande wetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikutaja kiti cha mtoto. Mkanda ambao trafiki huukagua zaidi ni wa dereva na wa aliyekaa mbele. Katika ripoti yake ya mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilihesabu nchi 33 tu zenye sheria ya viti vya watoto iliyofikia kiwango kinachotakiwa. Hatukuwamo, kwa hiyo tulikuwa upande wa walio wengi.

Mgongo

Ngeli ya kwanza ni Mgongo. Umoja wake ni mgongo, na wingi hauna, kwa kuwa bibi ni mmoja. Hufungwa kwa mbeleko ya kitenge au kanga, hujipasha joto wenyewe, una harufu ambayo mtoto anaifahamu, na huimba. Hauna maelekezo ya matumizi. Ukiharibika hupakwa dawa ya kuchua na kurudishwa kazini kesho yake.

Ubora wa Mgongo hauonekani mpaka uulinganishe na Kanuni ya Kwanza ya kaya yenye vyombo vingi, inayosema: kiti cha mtoto kiko kwenye chombo kilichoondoka. Kanuni hii inafanya kazi Stockholm, Nairobi na Namanyere bila kubagua. Baba ameondoka na Noah, kiti kimo. Shangazi amerudi mjini, kiti kimekwenda naye. Mgongo peke yake ndio unaoivunja, kwa sababu unakwenda alikokwenda mtoto na unarudi anaporudi, na hakuna aliyewahi kuusahau kwenye buti.

Udhaifu wake ni wa kijiometri: mwenye Mgongo hawezi kuegemea. Akipanda gari ni lazima azungushe mzigo mbele, na hapo ngeli inabadilika. Hubaki ngeli hiyo hiyo akitembea, akipanda mkokoteni, na akipanda pikipiki. Kwenye pikipiki mama hukaa nyuma ya dereva, mtoto yuko nyuma ya mama, na nyuma ya mtoto hakuna kitu isipokuwa Ufipa yote. Wengine, kwa kuliona hilo, humweka mtoto katikati, wakatimiza hesabu ya mishikaki. Wahenga walisema mbebwa hujikaza. Walikuwa wanamsemea mtoto wa kwenda kwa miguu. Mchanga wa miezi minne hana shingo ya kujikazia.

Paja

Mgongo ukiingia ndani ya gari huzaa Paja, wingi mapaja, ngeli iliyo tajiri kuliko zote. Asiyesoma hudhani paja ni paja tu. Paja la Mama huja na maziwa, na kwa sababu hiyo mtoto wake huwa amegeukia kifua, yaani anatazama nyuma ya gari. Kwa kigezo hicho kimoja Chala ilianza kuitekeleza Kanuni namba 129 kabla haijaandikwa. Paja la Bibi ni pana, halina haraka, na hubishana na dereva. Paja la Dada Mkubwa lina umri wa miaka tisa. Miguu yake haifiki chini, ameambiwa "mshike mdogo wako vizuri", naye anamshika kwa mikono miwili kwa uaminifu unaowapita watu wazima wote waliomo, huku yeye mwenyewe hajashikwa na mtu. Paja la Baba hupatikana katika picha za ubatizo.

Sasa nani ampakate, na apakatiwe siti gani? Hapa ndipo kilo zinapokosa kazi, maana mgawanyo unafuata heshima. Siti ya mbele ni ya mgeni, ya padri, ya mzee, na katika Kaya A ni ya baba mkubwa. Lakini akitokea mama mwenye kichanga, baba mkubwa mwenyewe hufungua mlango, hushuka, hukung'uta siti kwa kofia yake na kusema, "Mama, njoo ukae mbele na mtoto, huku nyuma mtabanana." Mama hupiga goti kidogo, hushukuru, hupanda. Hiyo ni adabu ya kweli na siidhihaki. Imetoka kwenye fikra iliyo sawa kabisa, kwamba mwenye mtoto apewe mahali pazuri kuliko pote. Bahati mbaya gari limepangwa kinyume. Mahali pazuri kwa miguu, kwa upepo na kwa kuona mbuzi wanaovuka ndipo mahali pabaya kwa kifua cha mtoto. Mbele ya paja hilo kuna dashibodi, na ndani ya dashibodi, kama hakuna fundi aliyeuondoa, kuna mfuko wa hewa. Hufumuka katika muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde, kwa mwendo unaoweza kufikia kilomita 300 kwa saa. Ulitengenezwa umpokee mtu mzima aliyefunga mkanda na kuketi mbali nao kidogo. Ukimkuta mtoto katikati hauna namna ya kumtambua. Hilo ndilo ile karatasi ya Kijapani inalosema.

Tufanye hesabu, kwa kuwa utafiti usio na hesabu huitwa hadithi. Akipita Chala dereva hushuka hadi 50, maana trafiki mwenye tochi anaweza kuwa nyuma ya mkaratusi wowote. Mtoto wa miezi tisa, anayepelekwa chanjo ya surua, ana kilo kama 9. Gari la mwendo huo likigonga kitu kisichosogea na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto anavutwa kwenda mbele kwa nguvu ya mara 14 ya uzito wake, yaani kama kilo 126. Gunia halali la mahindi ni kilo 100. Paja linaombwa basi, bila taarifa, lidake lumbesa. Gari likiwa na mwendo wa 80, nishati inayotakiwa kumezwa huwa zaidi ya mara mbili na nusu ya hiyo. Na aliyempakata naye anavutwa hivyo hivyo kwa kilo zake zote, mtoto akiwa ndiye aliye mbele yake. Wapo werevu wanaopitisha mkanda mmoja juu ya wawili. Hao wamemgeuza mtoto kuwa mto wa mzazi, kwa sababu uzito wote wa mkubwa sasa unapita mwilini mwa mdogo ndipo ufike kwenye mkanda.

Katika mahojiano, wapakataji wote walituhakikishia kwamba wao wangemshika. Hatuna sababu ya kutilia shaka nia zao.

Paja la Umma

Ngeli ya tatu haimo katika kanuni yoyote ya Umoja wa Mataifa, na kama ingekuwepo nadhani Geneva wangehitaji mkutano wa wiki nzima kuielewa. Basi la Mpanda limejaa. Mama anapanda na mtoto, ndoo na begi. Haombi siti. Anapitisha macho safu tatu za mbele, anachagua uso, na kusema, "Kaka, naomba unipokelee mtoto." Kaka, ambaye hajapata kumwona tangu azaliwe, ananyoosha mikono na kumpokea. Haulizwi jina, wala haulizi. Mtoto anamtazama, anapima ndevu, anaamua kulala.

Mkataba huu una vifungu vingi visivyoandikwa. Mwenye paja anapata haki ya kuuliza kwa nini mtoto hana soksi na baridi yote hii. Anaweza kumpa kipande cha biskuti baada ya kumtazama mama na kupata idhini ya nyusi. Hawezi kushuka kabla ya mama bila kumkabidhi mtoto kwa paja jingine, naye atalitafuta mwenyewe na kulidhamini: "Huyu mzee atakupakatia, anakwenda hadi Namanyere." Suruali ikiloa, hana madai. Mtoto akilia, basi zima linawajibika. Nimewasikia watu waliokaa nje wakisema kwamba huko kumgusa mtoto wa mwenzio ni kesi, na kiti chake kina vifungo ambavyo hata bibi yake hawezi kuvifungua. Wanalisema kwa sauti ambayo sijui kama ni ya kusifu au ya kulalamika.

Paja la Umma lina msingi wa kiuchumi pia. Mtoto wa kupakatwa halipi nauli, kwa hiyo kiti chake hakipo kwenye vitabu, na kisichokuwepo kwenye vitabu hakifungwi mkanda. Umri wa kupakatwa ni suala la mazungumzo. Konda humtazama abiria aliyekunjwa juu ya mama yake, miguu ikigusa sakafu, akisoma kwa sauti tangazo la kukataza kutema mate. "Mama, huyu si wa kupakata, huyu yuko darasa la pili." "Ana miaka mitatu, mwanangu. Ni mwili tu, kachukua wa kwa baba yake." Hapo safu zote za karibu hugeuka kuwa baraza, na kwa kawaida hukumu humwelemea konda.

Ngeli zilizobaki

Hizi tuzipitie haraka. Tenki ni ngeli ya watoto wa miaka miwili na kuendelea, wanaokalishwa juu ya tenki la pikipiki mbele ya dereva, mikono kwenye usukani. Wanaamini wao ndio wanaoendesha. Canter ina siti ya mbele tu, ya watu watatu, na wa nne hupanda pale kwenye gia. Pawatila haina kiti hata cha mkubwa. Baiskeli ina kibebeo, mpira wa kufungia na dua.

Mkokoteni wa ng'ombe unastahili aya yake. Mtoto hukaa juu ya gunia tupu, ndani ya paja, au mgongoni, na mwendo ni ule wa mtu atembeaye kwa miguu. Ng'ombe akisimama ghafla mtoto anainama kidogo, anacheka. Hesabu yetu ya lumbesa ikifanywa upya kwa mwendo huu inatoa uzito ambao mkono mmoja wa dada mkubwa unaumudu. Mgongo na Paja vilibuniwa kwa mwendo huo, na ndani ya mwendo huo hakuna mhandisi wa kuvirekebisha. Lami ilipopita Chala ilibadilisha namba moja tu katika hesabu, ile ya mwendo, na hesabu ina tabia ya kuizidisha namba hiyo kwa yenyewe. Viti vikabaki vile vile, kwa majina yale yale ya ukoo.

Kiti-Mgeni

Mwisho wa mwezi mmoja IST ya shangazi ilileta ngeli mpya. Ilitoka kwa mjomba aliye Uingereza, ndani ya kontena, pamoja na friji na baiskeli ya mazoezi isiyokwenda popote. Ilikuwa na ganda la plastiki, kamba mbili za mabega, mbili za kiuno na moja ya katikati ya miguu, na kibandiko cha rangi ya chungwa chenye herufi E na namba 11 ndani ya duara, alama kwamba kiliidhinishwa Uingereza. Mwanzoni kilitumika kumlishia mtoto uji wa ulezi, kazi iliyokifaa sana. Kisha kuku akataga ndani. Shangazi aliporudi na kuyakuta mayai hakusema neno. Aliyatoa, akakifuta kiti, akaagiza mtoto aletwe na kadi yake.

Kadi hiyo, lazima isemwe, ni hazina. Wapo wazazi wa Ulaya ambao wanaponunua kiti hukadiria uzito wa mtoto kwa macho. Mama wa Chala amemning'iniza wake kwenye mizani ya kliniki mwezi baada ya mwezi, na namba imeandikwa kwa kalamu, na mstari umechorwa. Kundi la kiti likapatikana kabla chai haijapoa. Shangazi akatafuta pia tarehe iliyochapwa kwenye plastiki, kwa kuwa ganda huzeeka kwa jua na viwanda huliwekea ukomo, kisha akampigia mjomba kumwuliza kama kiti kiliwahi kuwemo kwenye ajali. Kiti kilichopata ajali hakionyeshi usoni. Mjomba aliapa. Ni cha mwanawe mwenyewe, alikinunua dukani.

Na kwa nini kiti hiki kitazame nyuma ya gari? Hapa twende Uswidi, nchi ya Carl Linnaeus, ambaye kwa Systema Naturae ya mwaka 1735 alituambukiza sote maradhi haya ya kuainisha, na nchi ambamo Nils Bohlin wa Volvo alitoa mkanda wa pointi tatu mwaka 1959. Mswidi mwingine, Bertil Aldman, alitazama viti vya wanaanga wa Gemini, ambao walipokea msukumo kwa mgongo mzima, akajiuliza kwa nini mtoto asipewe heshima hiyo. Mwaka 1964 akajaribu kiti cha kwanza cha kutazama nyuma. Kichwa cha mchanga ni kama robo ya urefu wake wote na shingo bado ni laini. Akitazama mbele, gari likisimama ghafla kichwa hutupwa na shingo hulipa. Akitazama nyuma, ganda hupokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Waswidi huwapakia wanao hivyo hadi miaka minne, na watoto hao hukua wakiijua dunia kwa kile kilichokwisha kupitwa.

Majaribio ya kukifunga yalifanywa chombo kwa chombo. Canter ilishindwa bila mjadala. Hardtop ya kuazima kwa ajili ya harusi ilishindwa kwa sababu za kifalsafa: mabenchi yake ya nyuma yanatazamana, hivyo mtoto hawezi kutazama mbele wala nyuma, atatazama magoti ya mwalimu wa kwaya. Kwenye IST kiliingia. Kwenye Noah mikanda ya siti ya kati ilikuwepo, ila vifungio vyake vilikuwa vimemezwa na kava alizoshona fundi, na ilibidi kisu kitumike kuviokoa. Ukazuka mgogoro wa blanketi. Mtoto wa Juni huja amevaa sweta, kofia ya sufu na blanketi mbili, kamba zinakaza blanketi badala ya mtoto, na siku ya kishindo blanketi linabonyea, mtoto anachomoka. Shangazi alitaka blanketi zitoke. "Mtamuua kwa baridi mkikwepa kumuua kwa gari," alisema bibi, akasimama mlangoni. Mapatano yalifikiwa baada ya chai ya pili: mtoto afungwe kwanza akiwa na sweta peke yake, kamba zikaze mpaka zisifinyike kwa vidole, kisha blanketi zije juu yake, na bibi ndiye atakayezichomekea.

Hapo Kanuni ya Kwanza ikajisimika. Jumatatu Noah ilipeleka abiria Sumbawanga ikiwa na kiti ndani, shangazi akaja ghafla kumchukua mama na mtoto kwa IST, kiti hakipo. Ndipo pikipiki ya kaka mdogo, chombo ambacho hakiwezi kumbeba mtoto kwenye kiti kwa namna yoyote, ilipopata nafasi yake katika mfumo. Kiti hufungwa nyuma kwa mpira wa mizigo, kikiwa tupu, na kukimbizwa kati ya Noah na IST. Tunaandika Kanuni ya Pili: katika kaya yenye vyombo vingi, kiti husafiri kilomita nyingi kuliko mtoto. Ulaya wanatatua hili kwa kununua kiti cha pili. Kaya A ilipiga hesabu ya kiti cha pili dukani Dar es Salaam, ikailinganisha na petroli ya pikipiki, ikanunua mpira mwingine.

Mgogoro mkubwa ulikuja Jumapili. Kiti kilikaa safu ya kati, kwenye dirisha, kikachukua nafasi ambayo wiki iliyotangulia ilibeba watu wawili na kapu. Kiti hakina cheo. Si mzee, si mgeni, si padri, hakiamkiwi, nacho kimekaa. "Yaani mtu asiyeongea anakalia siti za wawili?" aliuliza baba mkubwa, na kikao kikaitwa palepale kando ya gari, injini ikiwaka na yule mama wa Kijapani ameshasema yake. Mama mtoto, kwa sauti ya chini, alisema hatakaa mbele tena, atakaa jirani na mtoto. Bibi akasema jirani na mtoto ni yeye, kwa ajili ya blanketi. Baba mkubwa, aliyerudishiwa siti yake ya mbele bila kuiomba, alitazama nyuma, akawaona wanawake wawili wakiwania nafasi ya kubanana, akagundua kwamba heshima imehama gari zima kwenda safu ya kati na kwamba mbele amebaki peke yake na kioo. Alishuka. Alidai kwamba kwa umri wake yeye ndiye wa kukaa kando ya kiti, bibi akae upande wa pili, mama nyuma yao. Hakuna aliyeweza kumpinga bila kumvunjia adabu, na tangu hapo anaposalimiwa barabarani hueleza kwamba anamsimamia mtoto.

Siti ya mbele sasa hupakiwa debe la mafuta ya alizeti la lita 20. Limefungwa mkanda, kwa kuwa liliwahi kumwagika, na uamuzi huo haukuhitaji kikao.